Taa ikizimika yenyewe, gari halijapona

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua niseme neno kuhusu taa za dashibodi kwenye magari ya dizeli, hasa zile zinazowaka na kuzimika zenyewe. Leo imewaka mlimani, kesho asubuhi haipo, wiki ijayo imerudi. Gari likifika gereji taa imeshazimika. Fundi anachomeka mashine, anafuta kodi (namba za hitilafu zilizoandikwa na kompyuta ya gari), anachukua hela yake, na mwenye gari anaondoka akidhani kazi imefanyika. Taa ikirudi, ndipo spea zinaanza kununuliwa kwa kubahatisha: leo sensa, kesho valvu ya pampu, keshokutwa injekta, na mwishowe kompyuta ya mtumba. Laki zinaisha, milioni zinaanza, kumbe ugonjwa ulikuwa waya uliochubuka au filta ya dizeli iliyoziba.

Kosa la kwanza ni kule kufuta kodi. Taa ya njano ya injini, ambayo wengi tunaiita cheki injini, ina utaratibu wake. Kwenye magari yanayofuata OBD-II, yaani mfumo wa gari kujikagua lenyewe, hitilafu nyingi lazima zionekane katika safari mbili mfululizo ndipo taa iwake. Zisipoonekana tena kwa safari tatu mfululizo, kompyuta inaizima taa yenyewe. Lakini namba ya hitilafu haiondoki siku hiyo. Inabaki kwenye kumbukumbu mpaka injini ianze baridi na kupata moto mara 40 bila hitilafu ile kurudi. Pamoja na namba hiyo kompyuta inatunza hali ya gari ya wakati ule ule hitilafu ilipotokea: mzunguko wa injini, joto la maji, mwendo wa gari, mzigo uliokuwa kwenye injini. Kwa fundi anayetafuta ugonjwa wa kuja na kuondoka, kumbukumbu hiyo ni shahidi pekee aliyekuwepo. Kidole kikigusa kitufe cha kufuta, shahidi huyo hayupo tena, na itabidi kusubiri gari lizingue upya barabarani.

Tazama jinsi shahidi huyo anavyosaidia. Chukua namba P0087, ambayo maana yake ni presha ya dizeli kwenye reli (bomba linalogawa dizeli kwa injekta) iko chini ya ile kompyuta iliyoagiza. Kama kumbukumbu inasema mzunguko ulikuwa 2,800, mzigo asilimia 90 na mwendo kilomita 40 kwa saa, gari lilikuwa linapanda. Ni mlima Kitonga au Sekenke hapo, injini inataka dizeli nyingi na haipati. Unaanza na filta, halafu unakagua hosi inayotoka kwenye tanki na chujio la ndani ya tanki. Lakini namba hiyo hiyo ikiwa imetokea kwenye silensa, yaani injini inanguruma bila kukanyagwa mafuta, gari limesimama, mzunguko 750 na maji yana joto la nyuzi 85, filta si mtuhumiwa wa kwanza. Hapo unapima dizeli inayorudi kutoka kwa kila injekta, unaangalia valvu ya pampu, na unafuata waya wa sensa ya reli. Namba ni moja, lakini safari za kuutafuta ugonjwa ni mbili tofauti kabisa. Anayesoma P0087 na kukimbilia dukani kununua pampu hajasoma kitu.

Mashine inayosoma injini tu haitoshi. Soma kompyuta zote: injini, gia, ABS (breki zinazozuia magurudumu yasijifunge), mifuko ya hewa, na ile ya bodi. Soma pia namba zinazosubiri, zile ambazo hazijafika kiwango cha kuwasha taa. Hitilafu ya kuja na kuondoka hujificha humo. Toyota nyingi za dizeli za mwanzoni mwa miaka ya 2000 hazikubali mashine ndogo za simu, ila zinasomeka kwa kipande cha waya. Kwenye soketi ya matundu 16 chini ya usukani unaunganisha tundu la 4 na la 13, unawasha swichi bila kupiga stata, kisha unahesabu taa inavyopepesa: kwanza makumi, inatulia kidogo, halafu mamoja. Angalia usikosee ukagusa tundu la 16. Hilo lina umeme wa betri muda wote, na ukiligusanisha na la 4 umechoma fyuzi, au umeongeza ugonjwa juu ya ugonjwa.

Mwenye gari naye ana kazi yake, tena haina gharama. Weka daftari dogo kwenye gari. Taa ikiwaka, ukishasimama mahali salama, andika: injini ilikuwa baridi au moto, mwendo gani, unapanda au unashuka, dizeli imebaki kiasi gani, mvua ilikuwa inanyesha, gari limetoka kuoshwa, kiyoyozi kimewashwa, ulikuwa unakata kona au umepiga shimo. Taa inayowaka tanki likiwa chini ya robo inaelekeza kwenye uchafu au hewa inayoingia kwenye njia ya dizeli. Inayowaka kila baada ya kuoshwa inaelekeza kwenye soketi inayoingiza maji. Inayowaka ukipiga shimo ni waya, karibu kila mara. Mistari mitatu ya daftari inamwokolea fundi nusu siku.

Sasa nije kwenye umeme, kwa sababu hapa ndipo taa nyingi za kuwaka na kuzimika zinapozaliwa.

Ukiona taa tatu au nne zimewaka kwa pamoja, ABS, injini, usukani na gia, usiamini kwamba vitu vinne vimeharibika dakika moja. Kitu kimoja kinachotumiwa na vyote ndicho kimeyumba, na mara nyingi ni umeme wenyewe. Pima betri gari likiwa limelala usiku mzima: betri nzima iliyojaa inasoma volti 12.6, na ikisoma 12.2 imebaki nusu. Mwambie mtu apige stata huku wewe unaangalia multimita. Isishuke chini ya volti 9.6. Dizeli ina mgandamizo mkubwa, stata yake inakula umeme mwingi kuliko ya petroli, na betri iliyochoka itaangusha volti mpaka kompyuta zipoteane. Zikiamka, kila moja inaandika kwamba haikumsikia mwenzake. Injini ikishawaka, betri isome kati ya 13.8 na 14.5. Kisha geuza multimita kwenye umeme wa AC na upime pale pale. Ikizidi volti 0.5 ya AC, diodi za altaneta (mashine inayochaji betri) zimeanza kufa, na umeme huo mchafu unazivuruga sensa hata kama volti za kawaida zinaonekana nzuri. Kwa magari ya volti 24, vipimo vya betri na chaji zidisha mara mbili.

Halafu waya wa athi, ule unaotoka kwenye hasi ya betri kwenda kwenye bodi na kwenye injini. Watu wanautazama kwa macho, wanauona umekaza, wanaondoka. Hauonekani kwa macho huo, unapimwa. Weka ncha moja ya multimita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, kisha piga stata. Isizidi volti 0.2. Ikifika 0.5, umeme unapata shida kurudi, na unatafuta njia nyingine kupitia waya za sensa na kebo za gia. Dawa ni kufungua bolti, kukwangua rangi na kutu mpaka chuma king'ae, kupaka grisi kidogo na kukaza. Kwa magari ya Tanga, Dar es Salaam, Lindi na visiwani, ambako hewa yenyewe ina chumvi, kazi hii ifanywe kila mwaka hata kama hakuna taa iliyowaka.

Baada ya hapo ndipo ufuate soketi ya sensa iliyotajwa na kompyuta. Ifungue taratibu, usivute waya, bonyeza ulimi wake. Ichungulie kwa tochi. Pini nzima inang'aa kama sindano mpya. Pini mgonjwa ina unga wa kijani kooni, au imepauka, au tundu la upande wa pili limetanuka kwa sababu kuna mtu aliwahi kuchomeka kijiti kikubwa cha multimita humo. Tundu likitanuka, pini inagusa gari likiwa limesimama na inaachia gari likitetemeka. Hakuna mashine itakayokuonyesha hilo uwanjani. Chukua pini mpya ya saizi ile ile, iingize na kuitoa kwa vidole: ikishikwa kidogo ni nzima, ikiingia kama imetumbukia hewani ni mbovu. Pini yenye kutu usiikwangue kwa msasa, kwa sababu msasa unaondoa ngozi ya madini inayoikinga na kutu inarudi baada ya mwezi. Tumia dawa ya kusafishia viungo vya umeme na brashi laini, ikishindikana badilisha pini.

Waya nao hukatikia ndani huku ngozi ya nje ikiwa nzima. Njia ya kuuumbua ni hii. Washa injini iwe kwenye silensa, weka mashine ionyeshe mchoro wa sensa husika, kisha tikisa msafara wa waya kipande kwa kipande, sentimita 10 hadi 15 kwa wakati mmoja, ukianzia kwenye soketi ya sensa kurudi nyuma. Mchoro ukiruka, umeukamata. Usipokubali, upashe moto kwa mashine ya kukaushia nywele, kisha unyunyizie maji kidogo kwa chupa ya kupulizia. Mahali pa kuangalia kwanza ni pale waya zinapopita kwenye mabano ya chuma, nyuma ya injini karibu na ukuta, na juu ya kifuniko cha valvu ambako joto linazikausha. Panya pia ni tatizo la kweli: gari likikaa siku tatu karibu na ghala la mahindi, waya za sensa zinaliwa.

Kuna waya utasoma volti 12 kwenye multimita na bado ni mgonjwa, kwa sababu multimita haivuti mzigo wowote. Kwa waya za umeme mkubwa, kama wa rilei ya injini au wa plagi za kupasha moto, tumia balbu ya breki ya wati 21. Inavuta karibu ampea 1.75. Ikiwaka kwa nguvu, waya ni mzima. Ikiwaka hafifu, kuna kiungo kinachokataa mzigo. Lakini balbu hiyo ni marufuku kwenye waya za sensa. Sensa nyingi zinatumia volti 5 kutoka kwenye kompyuta, na balbu inaweza kuiua kompyuta hiyo. Huko ni multimita ya dijitali tu.

Na pale ambapo namba zote zinaanza na U, kwa mfano U0100, kompyuta zinalalamika kwamba hazisikilizani. Zima gari, toa terminali hasi ya betri, pima omu kati ya tundu la 6 na la 14 kwenye soketi ile ya matundu 16. Inapaswa kusoma 60, kwa sababu kila mwisho wa njia ya mawasiliano una kizuizi cha omu 120 na viwili vikiwa sambamba vinatoa 60. Ikisoma 120, upande mmoja umekatika. Ikikaribia sifuri, waya mbili zimegusana. Ni kipimo cha dakika mbili, lakini kompyuta zinabadilishwa kabla hakijafanywa.

Upande wa dizeli, taa inayodharauliwa kuliko zote ni ya maji kwenye filta. Chini ya filta kuna kikombe, na ndani yake kuna swichi ya boya. Maji ni mazito kuliko dizeli, yanakaa chini, yakijaa boya linanyanyuka na taa inawaka. Gari likiwa mtelemkoni maji yanahamia upande mmoja, boya linashuka, taa inazimika. Dereva anafurahi. Maji bado yapo! Kuyatoa hakuhitaji fundi. Zima injini, weka chombo chini ya filta, legeza nati ya chini mizunguko 2 hadi 2 na nusu bila kuitoa, kisha bonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya filta mpaka itoke dizeli safi. Kaza nati kwa vidole, usitumie spana, halafu endelea kubonyeza pampu mpaka iwe ngumu. Kiache chombo kikae kidogo na ukiangalie: maji yatajitenga chini na dizeli itaelea juu. Ukipata zaidi ya nusu kikombe cha chai, tanki lenyewe lina maji. Lishushwe lisafishwe, kwa sababu filta peke yake haitaweza.

Pampu ya presha kubwa haina oili yake, inalainishwa na dizeli inayopita ndani. Maji hayalainishi. Mafuta ya taa yaliyochanganywa kwenye dizeli nayo hayalainishi vya kutosha, na ndiyo maana mwaka 2011 Serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili uchakachuaji usiwe na faida. Pampu ikianza kusagika, chembe za chuma zinakwenda kwenye injekta zote, na hapo bili inakuwa ya pampu, reli na injekta nne kwa pamoja. Maoni yangu ni kwamba kwa vumbi na dizeli yetu, filta ibadilishwe kila kilomita 10,000, hata kama kitabu cha gari kinaruhusu zaidi. Na kamwe mtu asilegeze bomba la presha kubwa injini ikiwa inanguruma, kama ilivyozoeleka kwenye injini za zamani. Kwenye reli presha inaanzia baa 250 na zaidi kwenye silensa, na kwa mzigo mkubwa inapita 1,300. Mchirizi wake unatoboa ngozi na kuingiza dizeli mwilini, na hayo ni majeraha ya kukatwa kidole au mkono.

Taa nyekundu ya oili, ile ya birika lenye tone, naomba niikazie maneno. Hiyo haina habari ya safari mbili wala tatu. Ikipepesa sekunde moja tu kwenye foleni, injini ikiwa moto na kwenye silensa, zima injini pale pale, kisha ndipo ufikirie. Pima oili kwanza. Kama ipo ya kutosha, usiwashe tena kwa kusema labda ni sensa. Sensa inawezekana ndiyo mbovu, lakini hilo linathibitishwa kwa kuifungua na kufunga geji ya mkono mahali pake, wala si kwa kuendesha mpaka nyumbani.

Wenye Hilux na Prado za injini ya 1KD, lita 3.0, wana sababu ya ziada ya kuogopa. Chini ya kila injekta kuna washa, yaani pete ndogo ya madini, inayozuia moto wa silinda usipande juu. Washa hiyo ikichoka, gesi ya moto inapenya kwenye oili, oili inapikwa, inatoa makapi meusi magumu kama lami iliyokauka. Makapi yanashuka kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) na kuziba chujio la pampu ya oili. Oili ipo lita 7, dipstiki inasoma vizuri, lakini pampu hainyonyi. Dalili ya kwanza ambayo dereva anaiona ni ile taa nyekundu kupepesa, na kwa wengine ndiyo ya mwisho kabla metali (beringi za ndani ya injini) hazijakwama. Ukisikia mlio wa chufu chufu asubuhi injini ikiwa baridi, au ukaona utomvu mweusi kuzunguka injekta, fungua kifuniko cha oili injini ikinguruma uone kama moshi unasukuma kwa nguvu. Ukisukuma, shusha sampu, tazama chujio, lisafishe au libadilishe, na weka washa mpya zote nne. Kiti cha washa kikwanguliwe mpaka kiwe safi, kwa kuwa washa mpya juu ya kaboni ya zamani itavuja tena. Washa iliyokwisha kutumika hairudishwi. Na kama injekta zina namba iliyochapwa juu, kila moja irudi kwenye silinda yake. Ikiwekwa mpya, namba yake iingizwe kwenye kompyuta.

Taa ya betri kwenye Toyota za zamani za dizeli ina tabia yake. Altaneta ikianza kufa kwenye injini kama 1HZ au 3L, mara nyingi taa ya betri na ya filta ya dizeli zinawaka pamoja, na watu wanatoa maji kwenye filta mara tatu bila mafanikio. Ziko pamoja kwa jinsi waya zilivyounganishwa. Ukiziona mbili hizo, nenda kwenye altaneta, pima chaji, fungua uone kaboni zinazosugua ndani yake. Kaboni mpya za Denso hutokeza milimita 10.5, na zikifika 1.5 hazigusi vizuri, zinagusa na kuachia. Kwenye nyingi ya injini hizo nyuma ya altaneta kuna pampu ya upepo inayosaidia breki. Sili yake ikivuja, oili inalowanisha kaboni, kwa hiyo kubadilisha kaboni bila sili ni kazi ya mwezi mmoja. Na mkanda ukikatika, pamoja na chaji unapoteza msaada wa breki, na pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Hiyo ndiyo sababu taa ya betri kwenye gari la aina hiyo isipuuzwe ukiwa na abiria.

Mengine kwa ufupi. Volkswagen za dizeli, taa ya plagi za kupasha moto ikipepesa njiani na gari likapungua nguvu, kagua kwanza taa za breki nyuma na swichi ya pedali ya breki. Kompyuta inaitegemea swichi hiyo, na ni spea ya bei ndogo. Taa ya ABS inayowaka ukishaanza kutembea, angalia beringi yenye mlegezo na matope au unga wa chuma uliong'ang'ania kwenye sensa ya gurudumu.

Mazda CX-5 za dizeli ni habari nyingine, na zimejaa barabarani sasa. Taa ya chujio la masizi ikiwaka bila kupepesa, gari linataka mwendo usiokatika wa dakika 15 hadi 20 likiwa moto ili liunguze masizi kwa joto la karibu nyuzi 600. Anayeendesha kutoka Mbezi hadi Posta kwenye foleni kila siku halipi gari nafasi hiyo. Kila jaribio likikatizwa, dizeli ya ziada iliyopulizwa inateremka kwenye oili na kiwango kinapanda badala ya kushuka. Dipstiki ya Mazda hiyo ina alama ya X juu ya alama ya kujaa. Oili ikifika X, imwagwe siku hiyo, kwa maana si oili tena, ni mchanganyiko na dizeli. Iwekwe yenye kiwango cha JASO DL-1 au ACEA C3, ambayo haiachi majivu mengi. Taa ikishaanza kupepesa, safari ya barabara kuu haisaidii tena, ni gereji. Kulitoboa chujio hakumalizi kitu. Kompyuta inaendelea kujaribu kuunguza masizi yasiyokuwepo, oili inaendelea kuharibika, na moshi unawarudia watembea kwa miguu.

Kuna mambo tunayojiletea wenyewe. Kuosha injini kwa mashine ya presha kunasukuma maji kupita sili za soketi. Futa kwa kitambaa na brashi. Kuchomelea bampa au keria bila kutoa terminali hasi ya betri kunapitisha umeme wa welding kwenye kompyuta. Kengele za wizi, kamera za nyuma na vifaa vya kufuatilia gari vinaunganishwa kwa kuchuna waya wa swichi na kuzungushia tepu. Joto likiyeyusha gundi, kiungo kinaanza kugusa na kuachia. Viungo hivyo vifanywe kwa solda na mrija wa kubana kwa joto.

Kibaya kuliko vyote ni kuitoa taa yenyewe. Kwenye baadhi ya altaneta za zamani, balbu ya betri ndiyo inayoiamsha altaneta, ukiitoa huchaji. Na wapo wanaouza magari waliounganisha taa ya mfuko wa hewa na ya oili ili ziwake na kuzimika pamoja. Anayenunua gari afungue swichi bila kupiga stata na asubiri. Taa ya mfuko wa hewa inazimika yenyewe baada ya sekunde chache, injini ikiwa bado haijawashwa. Ya oili na ya betri zinabaki zimewaka mpaka injini iwake. Ile ya mfuko wa hewa ikizimika sawia na ya oili, imeunganishwa nayo. Na ambayo haikuwaka kabisa, imetolewa.

Ombi langu kwa VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, na wenye gereji ni dogo. Kijana anayefundishwa umeme wa magari afundishwe kupima volti zinazopotea kwenye waya kabla hajashika mashine ya kusoma kodi. Na kila gari linalopimwa, mteja apewe karatasi yenye namba zote zilizokutwa, zile zinazosubiri zikiwemo, hali ya injini wakati hitilafu ilipotokea, volti za betri na za chaji, na jina la soketi au waya uliokaguliwa. Gereji isiyo na karatasi, mwenye gari apige picha ya kioo cha mashine kwa simu yake kabla fundi hajabonyeza kufuta.

Fundi umeme wa magari,
Morogoro